Shangazi wa Baraza Aliyelilia Kubebwa

Mtaniuliza sura yake ilikuwaje. Sijui niwaambie nini. Nilimfahamu miaka mingi, nilimlisha kwa mkono wangu, nilimbeba mgongoni mchana kweupe, alifuta kamasi kwenye koti langu la kwanza, lakini sura yake sikuiona mpaka siku ya mwisho nilipokutana naye. Miguu yake ndiyo naijua. Nileteeni leo miguu yote ya kijiji cha Kalenga kule Iringa, ya kwake nitaichagua bila kusita: mipana, visigino vimepasuka kama tope la kiangazi, na kidole gumba cha kulia kimegeukia pembeni kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Sauti yake naijua. Uzito wake naujua kuliko watoto wake. Sura, hapana. Sababu nitaieleza, tulieni.

Jina lake silitaji kwa sababu hakuna aliyelitumia. Alizaliwa wapi, ukoo gani, kaulizeni wanaoandika mambo ya koo. Mimi niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe mwalimu alikuwa mgonjwa. Lakini nyumba ninamoandikia haya ni ya matofali ya kuchoma, niliyachoma mwenyewe hapa Mbalizi, na waliosoma kunipita wanapanga vyumba vyangu vya uani na kuniamkia shikamoo. Kwa hiyo nitasema ninavyojua.

Watu walimwita Shangazi wa Baraza. Hakuwa shangazi wa mtu pale, na barazani hakuwa na kiti. Miaka ile ya hamsini, Waingereza wakiwa bado wapo, kesi za nyumbani zilikuwa za wazee wa baraza. Kesi ya ng'ombe waliimaliza kabla jua halijawa kali. Kesi ya mpaka wa shamba walikwenda kutazama jiwe, wakarudi. Kesi ya mtoto ndiyo iliyowashinda. Mume na mke wameachana, au mmoja amekufa, mtoto anagombewa, na kila upande unakuja umevaa vizuri na unasema vizuri. Baba mlevi siku hiyo ananukia sabuni. Mama mkali siku hiyo ana sauti ya njiwa. Utamjuaje anayefaa? Basi wazee wakamtuma Shangazi. Alifunga nguo zake kwenye kitambaa, akaenda kukaa kwa huyu, halafu kwa yule, na huko kazi yake ilikuwa moja tu: kuwa mtoto.

Nasema kuwa mtoto, na sitanii. Mwanamke mwenye mvi, mnene wa kushiba, mwenye wajukuu, anaingia nyumbani kwako, anakaa chini, ananyoosha miguu na kuanza kudeka. Uji anaukataa kwa kuwa ni wa moto. Ukipoa anaukataa kwa kuwa umepoa. Anauliza kwa nini kuku hana meno, ukimjibu anauliza kwa nini. Analala kabla ya chakula, na ninyi mkimaliza kula anaamka ana njaa. Anajificha uvunguni mwa kitanda na kukwama, watu wanainua kitanda. Mara moja alijiingiza kokoto puani kama watoto wafanyavyo, na kokoto likagoma kutoka. Akapelekwa kwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Siku hiyo, wanasema, Shangazi alilia kweli, na aliyekuwa anapimwa akamshika mkono mpaka mwisho. Akafaulu hapo hapo. Dresa naye akapata sifa.

Watu wa Kalenga wote waliijua mbinu yake, na kuijua hakukuwasaidia. Siku ya kwanza kila mtu ana subira. Siku ya pili wengi wanayo. Baada ya hapo, Shangazi alisema, "nyumba inavua koti." Hapo ndipo alipoanza kutazama.

Alikuwa na misemo yake. Ninaoupenda ni huu: "Mzazi ambaye nguo yake haijakojolewa ni mgeni tu." Msiniulize alikuwa anaupimaje huo. Mimi ni mtu wa kusema wazi, lakini kuna mambo nayaacha.

Akiwa kazini hakugusa pombe. Mtoto halewi, alisema. Na Kalenga, mvua zikishika na mianzi ikianza kutoa ulanzi, kumnyima Mhehe ulanzi ni sawa na kumnyima samaki maji. Shangazi alikaa katikati ya watu wanaokunywa, yeye na kikombe chake cha maziwa, akitazama mbeta, vile vipande vya mianzi vilivyojaa ulanzi, zikipita mbele yake kama mtu anayesindikiza maiti. Kesi ikiisha alikunywa ya siku zote zilizopita, halafu yeye ndiye aliyebebwa kurudishwa kwake. Wazee walisema huo ndio mshahara wake, na hakuwahi kulalamika kwamba ni mdogo.

Aliowaangusha ni wengi. Mwalimu mmoja wa katekisimu alikuwa akimjibu kila kilio kwa mahubiri. Shangazi akilia njaa, mwalimu anasema habari za mana jangwani. Akilia baridi, anasema habari za moto wa milele. Siku moja Shangazi akampulizia uji kwenye kanzu nyeupe, akasema, "Haya, hubiri na hilo." Karani mmoja wa Iringa mjini, mwenye kalamu mbili mfukoni, alimwachia mpishi kila kitu, yeye anasoma gazeti. Shangazi akarudi barazani kusema, "Mtoto apewe mpishi." Wazee wakasema mpishi si ndugu. Akasema, "Basi karani naye si ndugu, maana nimekaa kwake muda wote huu na hajui nina meno mangapi."

Msidhani alikuwa hakosei. Alimwangusha mtu mmoja wa Madibira, mkulima wa mpunga, mpole kabisa, kwa sababu kila alipoulizwa "kwa nini" hakujibu. Akamwandama barazani: huyu ni jiwe, mtoto atakua bubu. Kumbe yule bwana alikuwa kiziwi wa sikio moja, na Shangazi alikuwa amekaa upande wa sikio bovu muda wote. Alipoambiwa hakubishana. Alifunga kitambaa chake, akarudi Madibira, akakaa upande wa sikio zima, akampima upya na kumpa mtoto wake. Tatizo likawa hakuondoka. Alikuwa ameonja wali wa kule. Ikabidi yule bwana aje barazani tena, safari hii kulalamika kwamba ana watoto wawili na mmoja wao ana mvi.

Na la kushangaza zaidi ni watoto wake mwenyewe. Waliokua walimkimbia. Mmoja alihamia Tukuyu. Wa pili aliona Tukuyu ni karibu, akaenda migodini Rhodesia. Binti yake aliolewa jirani, lakini akimwona mama anakuja na kitambaa kichwani alifunga mlango na kunyamaza. Nilimsikia Shangazi mwenyewe akisema, "Wangu sikuwalea, niliwapima tu." Alisema akicheka, na waliokuwepo wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natazama miguu yake, na kile kidole gumba kilikuwa kimejikunja.

Kulikuwa pia na habari ya Bibi Maendeleo. Alikuwa Mzungu kijana wa idara ya maendeleo, hajaolewa, Kiswahili chake cha kitabuni. Alikuja kutoka mjini na mkoba wa kadi, na kwenye kila kadi wino umemwagwa, kadi ikakunjwa katikati. Kwao, alisema, mzazi anaoneshwa wino huo, anasema anaona nini, na wataalamu wanajua moyo wake. Wazee wakamletea Shangazi.

"Mama, unaona nini hapa?"

"Wino umemwagika."

"Ndiyo, lakini fikiri zaidi."

"Nimefikiri. Aliyeumwaga alikuwa na haraka."

"Labda unaona kipepeo?"

"Kipepeo huyu kakanyagwa, mwanangu. Wewe unamwona mzima?"

Yule binti akaitazama kadi yake kwa muda, akasema hapana, hata yeye sasa anamwona kakanyagwa. Shangazi akasema haya, zamu yangu, akajitupa chini na kulia. Bibi Maendeleo hakuuliza maswali. Alipiga magoti kwenye vumbi na soksi zake ndefu, akamwinua, akampa pipi na kumwimbia wimbo wa kwao wenye kondoo ndani. Shangazi akatulia tuli. Halafu akawageukia wazee: "Huyu anafaa. Apewe watoto." Bibi Maendeleo akawa mwekundu kama tofali langu. Walipoagana alimwachia Shangazi kadi moja, naye akaitundika ukutani kwake. Kila mgeni aliulizwa anaona nini, na chochote ulichosema aliitikia, "Umekosa."

Sasa niseme langu.

Mke wangu alikuwa binti wa Kalenga. Tulikaa naye hapa Mbalizi, mimi nachoma matofali, yeye analima njegere, tukapata binti, tukamwita Sikitu. Homa ikamchukua mke wangu Sikitu akiwa ndiyo kwanza anaanza kusema maneno marefu. Tukaenda kumlilia kwao. Matanga yalipoisha nikamshika mtoto mkono tuondoke. Mama mkwe akiwa nyuma ya mlango akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mwanaume halei mtoto wa kike. Mtoto anabaki." Wajomba wakasimama mlangoni. Nikaondoka peke yangu na koti langu.

Nyie hamjui safari ya lori ilivyo ndefu ukirudi peke yako. Ukifika Makambako unageuka kumtazama mtoto kama anasikia baridi, na kuna gunia.

Nikarudi kushtaki. Wazee wa baraza wakanisikiliza, wakamsikiliza mama mkwe, wakasema, "Mtapimwa wote. Mpimaji atakuja nyumbani kwako, fundi." Basi. Sikuelezwa zaidi, na mimi mtu wa Mbeya nitajuaje? Nikaenda nyumbani nikapima. Nilipiga kamba kuta zote. Nikabomoa pembe moja iliyokuwa imeinama kidogo, nikaijenga upya. Nikapaka chokaa. Nilikuwa nangoja mtu mwenye futi, na nilikuwa tayari kwa futi yoyote.

Akashuka mwanamke kwenye lori, akaingia uani, akakaa chini juu ya chokaa mbichi na kuanza kulia.

Niwaeleze jambo moja hapa kwa sababu vijana mmelipoteza. Kwetu, mkwe haguswi, hutazamani naye usoni, huli naye sahani moja. Ukikutana naye njiani unaingia majanini mpaka apite. Na mwanamke yeyote wa kijiji cha mke wako, wa rika la mama yake, ni mkwe. Sasa mkwe mzima kaja kutoka Kalenga, kakaa uani kwangu, ananyoosha mikono na kusema, "Baba, nibebe!"

Nikakimbilia nyuma ya tanuru.

"Kamwene, mama!" nikamwamkia nikiwa kule kule. "Karibu sana!"

"Nina njaa!"

"Chakula kipo, mama, nitakiweka hapo nitoke!"

"Nilishe!"

Nilidhani safari imemchanganya akili. Nikasonga ugali, nikaweka na mlenda, nikatoka. Hakula. Alilia mpaka majirani wakasimama uani kwao. Nikaona mgeni wa baraza atakufa njaa kwangu na mtoto wangu nitamkosa. Nikaingia kinyumenyume. Nikakata tonge, nikalichovya, nikageuza uso ukutani na kupeleka mkono nyuma. Tonge la kwanza liliingia sikioni. La pili sijui liliingia wapi, nilisikia tu anapiga chafya.

"Baba, hapo ni puani!"

"Nisamehe, mama. Mdomo uko wapi?"

"Chini ya pua, kama wa watu wote!"

Tukaendelea hivyo, yeye ananielekeza: juu, kushoto, rudi. Jirani yangu muuza viazi alichungulia, akasema amewahi kuona vipofu wakilishana vizuri kuliko sisi. Na alipomaliza kula alivuta koti langu la kaki, koti la kwanza nililonunua kwa jasho langu, akafuta nalo pua. Bega la kulia lote.

Kesho yake nilimsikia akigoma kuvaa kiatu cha kushoto. Cha kulia anakubali, cha kushoto hataki. Nikasimama. Sikitu alikuwa anafanya hivyo hivyo! Sikitu wangu alikuwa tayari kutembea na kiatu kimoja mpaka Mbeya mjini. Ndipo nikaelewa, bila kuambiwa na mtu. Huyu hajachanganyikiwa. Huyu ndiye futi.

Tangu hapo nilimfanyia kama Sikitu. Kiatu nililivalisha gogo kwanza, gogo likafurahi, ndipo naye akataka. Uji niliupoza kwa kuumwaga toka kikombe hiki mpaka kile. Alipouliza kwa nini kuku hana meno nikamwambia aliyauza akanunua manyoya. Alilifikiria hilo siku nzima. Lakini usoni sikumtazama, na kumbeba sikumbeba. Kulisha nilijiambia ni ukarimu. Kumbeba mkwe ni laana.

Halafu ikaja siku ya gulio. Alitaka twende, tukaenda, mimi mbele na yeye nyuma kama inavyotakiwa. Akataka muwa, nikampa. Akataka mrefu zaidi, nikampa. Katikati ya gulio, kati ya magunia ya viazi na watu wa kila mlima, akajitupa chini.

"Namtaka bibi! Nipelekeni kwa bibi! Huku sitaki!"

Watu wakajaa. Wengine walinijua, walikuwa wateja wangu. Nilikuwa nimechoka, nimetapakaa mlenda, na huyo bibi anayeliliwa ndiye aliyeninyang'anya mtoto. Maneno yalinijaa mdomoni. Nilikuwa nayo mengi, na yalikuwa mazuri. Lakini nikamwona Sikitu pale chini. Sikitu angemlilia bibi yake kweli, na bibi yake angekuwa bado ni bibi yake. Nikachuchumaa, mgongo nimempa.

"Hata mimi namtaka," nikasema. "Bibi yako anajua kusonga ugali, mimi najua matofali tu. Angekuwepo tungekula vizuri sote. Lakini Kalenga ni mbali na lori limeshaondoka. Haya, panda."

Akanyamaza ghafla. Kwa mara ya kwanza tangu afike, akanyamaza bila kupewa kitu. Halafu akapanda.

Mama yangu! Nimebeba matofali, nimebeba mbao, nimebeba ngunguru, pipa zima la maji, kupanda kilima. Sijabeba kitu kama kile.

"Fundi! Gunia hilo la wapi?" muuza viazi mmoja akaita.

"La Kalenga!" Shangazi akajibu mwenyewe kutoka juu.

"Lahaula, linasema!"

"Jamani, mwoneni, kambeba mkwe wake! Dunia imekwisha!"

"Mshushe, fundi, utapata laana!"

"Asinishushe!" Shangazi akapiga kelele. "Nikishushwa nalia!"

Nikapita nao wote, macho chini, miguu yake inaning'inia pande zote mbili za kiuno changu, kile kidole gumba kinatazama watu. Wapo mpaka leo wanaoniita Mbeba Mkwe. Wengine ni wapangaji wangu, na kodi hawacheleweshi.

Baadaye alikwenda kukaa kwa mama mkwe, halafu tukaitwa. Kwa kuwa mimi na mama mkwe hatuwezi kuonana, watu wawili walishika mkeka katikati yetu, na kesi ilivyokuwa ndefu mikono yao ilichoka, mkeka ukawa unashuka na sisi tunainama nao. Sikitu alikaa mwisho wa mkeka, mguu mmoja upande wangu, mguu mmoja upande wa bibi yake, kiatu cha kushoto hana.

"Sema, Shangazi," mzee mkuu akasema.

"Kamwene, wazee wangu. Nimekaa kwa huyu, nimekaa kwa yule. Kote nimenenepa."

"Hilo tunaliona. Nani anafaa?"

"Fundi huyu ni balaa. Ugali wake madonge. Analisha kama mtu anayetupia nyani mawe. Sikio langu mpaka leo lina mlenda."

Baraza likavunjika mbavu. Nilimtazama Sikitu, nikaanza kumuaga kimoyomoyo.

"Na bibi?"

"Bibi alinichapa mwiko."

"Wewe, Shangazi? Akakuchapa?"

"Nilimwaga maziwa makusudi. Nilistahili. Halafu akaniogesha maji ya moto, akanipaka mafuta, akaniimbia mpaka nikalala."

Nikajua yamekwisha. Nikashika koti langu niondoke, maana sikutaka kulia mbele ya wajomba.

"Kaa chini, fundi, sijamaliza. Hayo ya madonge ni ya kujifurahisha. Mimi napimia mahali pengine. Kila nyumba ninayokaa, ninamlilia yule mwingine. Kwa baba ninamlilia mama, kwa mama ninamlilia baba. Wote mnaonijua mnajua nimejibiwa nini miaka yote hii. 'Baba yako mbwa.' 'Mama yako malaya.' Wanamlisha mtoto kokoto, wanashangaa haongezeki. Nikamlilia bibi kwa fundi, gulioni, watu wamejaa. Akasema, hata mimi namtaka. Nikamlilia fundi kwa bibi. Akasema, nyamaza, baba yako anachoma matofali, akimaliza atakuja kukuona, na wewe utamwonesha umekua."

Nyuma ya mkeka nikasikia mama mkwe akivuta pumzi.

"Mtoto huyu hana adui nyumbani," Shangazi akasema. "Mnataka niwakatie wapi?"

Wazee wakatoka nje, wakanong'ona, wakarudi. Mzee mkuu akasema, "Mtoto ataondoka na baba yake."

Mama mkwe akaangua kilio nyuma ya mkeka.

"Na bibi ataondoka na mtoto," mzee akamalizia.

Hapo nikaangua kilio mimi.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilijenga nyumba ya pili uani kwangu na ukuta katikati, ukuta mzuri mpaka leo umesimama. Mama mkwe alikaa upande ule, mimi upande huu, Sikitu pande zote. Ugali ukawa hauna madonge. Tulikuwa tunasemeshana kupitia mtoto, na Sikitu alipoanza shule tukawa tunasemeshana kupitia kuku. "Wewe kuku, mwambie mwenye nyumba chumvi imekwisha." "Kuku, mwambie bibi chumvi italetwa." Kuku yule alikufa kwa uzee. Nani angethubutu kumchinja?

Kila mwaka tuliposhuka Kalenga kusalimia, nilipita kwa Shangazi nikaiamkia miguu yake na kuiambia habari zetu. Nilitazama ile kadi ukutani. Nilisema naona tanuru. "Umekosa." Mwaka mwingine nikasema naona ukuta. "Umekosa."

Mara ya mwisho ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini, mvua zimeshika, kijiji kizima kinanukia ulanzi. Wakatuambia njiani kwamba Shangazi hali chakula vizuri. Watoto walikuwa wamerudi, hata yule wa Rhodesia. Wamekaa nje kama watu wanaosubiri lori. "Anakataa kila kitu," yule binti aliyekuwa anafunga mlango akaniambia. "Uji wa moto hataki, ukipoa hataki. Hatujui kama anaumwa au anatupima."

"Akilia mnamjibu nini?"

"Tunambembeleza tu. Tunabadilishana."

"Basi endeleeni," nikasema.

Nikaingia na Sikitu. Alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu nje ya blanketi, imekonda, lakini kidole gumba ni kile kile. Nikachukua bakuli la uji, nikageuza uso ukutani kama ilivyo ada, nikapeleka kijiko nyuma.

"Baba," Sikitu akasema, "utamchoma. Mtazame."

"Ni mkwe."

"Utamchoma jicho. Mtazame, Baba."

Nikamtazama.

Ilikuwa sura ya kawaida tu. Pana, ina vishimo mashavuni, jino moja la mbele halipo. Mdomo ulikuwa umeshaanza kulia kile kilio chake cha kumaliza kijiji, machozi tele, "Baba, nibebe, nibebe!" Na juu ya mdomo huo macho yalikuwa yanacheka. Yalikuwa yanacheka mpaka yamefumba. Nikakumbuka uani kwangu, nikakumbuka mlenda na gulio, mimi nimetazama ukutani kwa heshima zangu zote. Kumbe mwenzangu nyuma yangu alikuwa anacheka.

Nikachuchumaa, akapanda. Hakuwa na uzito wowote. Nikatoka naye nje kwenye jua, mbele ya watoto wake wote, Sikitu anatufuata na bakuli. Nilikuwa nimevaa koti jipya, la sufu, la fundi aliyefanikiwa. Shangazi akaliangalia, akalivuta, akafuta pua. Bega la kulia lote.

Nikamgeuzia la kushoto.